Mchezo Ulikuwa Wako, Kiden

Kiden,

Leo ni Jumamosi na shule haina mtu. Nimekaa kwenye kiti chako, Darasa la Kwanza, kwa sababu ni hapa tu ninapoweza kukuandikia bila kujipamba. Kule chumbani kwangu, mtaa wa Hai Amarat hapa Juba, nilijaribu mara mbili, na mara zote mbili ikatoka barua nzuri, ya kusema jinsi nilivyokupenda na jinsi pengo lako lisivyozibika. Nilizichana. Wewe ungezisoma ungecheka kile kicheko chako cha kufunika mdomo kwa kiganja.

Ukweli ni kwamba nilikuonea wivu. Nilikuonea wivu ukiwa hai, na ulipokufa sikuacha. Hilo la pili ndilo limenileta kwenye kiti hiki.

Unakumbuka nilivyofika. Ustaz Lado, mwalimu mkuu wetu, alikuwa amefundisha kwa Kiarabu maisha yake yote, na sasa, baada ya mkataba wa amani, watoto walitakiwa wafundishwe kwa Kiingereza. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwokoa. Akanipata mimi, Mkenya mwenye cheti cha ualimu, miaka tisa ya kushika chaki na barua mbili za kunisifu. Wiki hiyohiyo akakuchukua na wewe. Ulikuwa umerudi kutoka kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, umeacha shule kidato cha pili, na kila asubuhi ulikuja kwa miguu kutoka Lemon Gaba. Akakuweka Darasa la Kwanza "kusaidia". Ndilo neno alilotumia. Ulijua kuongea na watoto kwa Kibari na kwa Kiarabu cha Juba, na Kiingereza chako kilitosha kwa watoto wadogo. Mimi nikapewa Darasa la Pili, pamoja na kusimamia Kiingereza cha shule nzima.

Kati ya madarasa yetu mawili palikuwa na turubai tu. Ungekuwa ukuta wa matofali pengine nisingekuwa na cha kukuandikia leo.

Ulinipenda tangu siku ya kwanza, na hilo pia liliniudhi. Ulikuwa unakuja wakati wa mapumziko na daftari lako lililokunjwa pembe. "Madam Nekesa, mimi iko na swali." Nami nakusahihisha Kiswahili kwanza: "Nina swali." Unasema, "Eeh, asante. Nina swali." Kesho yake: "Madam, mimi iko na swali ingine." Nilikuwa nikikujibu kwa kupima, kama mtu anayempa jirani chumvi huku akiangalia imebaki kiasi gani. Wewe ulikuwa unaandika kila kitu.

Halafu ulianza ule mchezo wa mlangoni.

Sijui ulikujia vipi, sikukuuliza. Nilichoona ni kwamba asubuhi moja watoto wako hawakuingia darasani. Walipanga mstari nje, nawe ukachuchumaa mlangoni ukiwa kimo chao, ukamuuliza kila mmoja kwa Kiarabu: "Ita ainu sunu fi sika?" Umeona nini njiani? Mtoto anakujibu kwa lugha yoyote aliyonayo. Ameona mbuzi juu ya kaburi. Ameona lori la mchanga limezama kwenye tope. Ameona mzungu akisukuma pikipiki. Wewe unampa neno lake kwa Kiingereza, anayetaka mbuzi anapewa "goat", anayetaka tope anapewa "mud", analitamka mpaka linakaa mdomoni, ndipo anaingia nalo. Lile ndilo lilikuwa lake siku hiyo. Kufikia saa nne walikuwa wanabadilishana, huyu anampa mwenzake lori naye anapewa mbuzi, na Ijumaa kila mmoja anasimama kueleza alichokiona wiki nzima.

Baada ya muda mfupi watoto wako walikuwa wanafika shuleni kabla ya Ustaz Lado kufungua geti. Walikuwa wanatembea wakitazama huku na huku, wakitafuta cha kukuletea.

Watoto wangu walikaa kimya, mikono juu ya dawati, na mimi nilijivunia ukimya ule. Niliinua kalamu, wakasema kwa pamoja kwamba hii ni kalamu. Niliinua kitabu, wakasema hiki ni kitabu. Kisha ng'ambo ya turubai kicheko kinalipuka na macho arobaini yanageuka. Mtoto mmoja alikuwa ametoboa tundu kwenye turubai, wakawa wanapokezana kuchungulia. Asubuhi moja nilikuja mapema na sindano ya kushonea magunia nikalishona. Ulinikuta nikikata uzi. Ulidhani nimelishona kwa ajili yako, ili upepo usikupeperushie karatasi. Ukanishukuru.

Nikarudisha sindano mfukoni.

Alikuwepo yule msichana wako, Jokudu. Alikuwa ameletwa kutoka Khartoum kwa meli ya mto na mjomba wake, mama yake amebaki kule. Miezi miwili hakufungua mdomo, si kwa Kiarabu wala kwa lugha yoyote. Mimi nilikuambia huyo ni wa kurudishwa nyumbani akue kwanza. Wewe ulimwacha asimame mlangoni kila siku, unamuuliza, hajibu, unampa neno la kwako mwenyewe unamwambia, "Leo chukua langu." Siku aliyokujibu nilisikia darasa lako lote likipiga makofi, na mimi nikafuta ubao uliokuwa umeshafutwa.

Sasa nije kwenye siku ya yule afisa wa elimu.

Aliingia kwangu kwanza. Akawauliza watoto hali, wakasimama kama askari wakajibu kwa pamoja kwamba hawajambo, asante bwana, na wewe je. Alifurahi. Nikaona furaha yake nikavuta pumzi. Kisha akamuuliza kijana wa mbele, kwa Kiingereza chepesi kabisa, leo mama yako anapika nini. Darasa zima likasimama tena na kujibu, "We are fine, thank you, sir." Akarudia polepole. Wakarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Akaenda kwako na mimi nikamfuata. Akauliza swali lilelile. Wewe ulisimama nyuma kabisa, hukuwasaidia hata kwa nyusi. Jokudu akainua mkono. Alisema, "My mother is not cooking. My mother is in Khartoum."

Mama yangu hapiki. Mama yangu yuko Khartoum. Miaka tisa nilikuwa nimefundisha, na sikuwahi kumsikia mtoto wa umri ule akisema jambo lake mwenyewe kwa Kiingereza. Afisa alivua miwani akaifuta kwa shati. Aliniuliza mimi, siyo wewe, nani amemfundisha huyu mtoto. Nikajibu, "Tunafundisha pamoja."

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

La pili hukulijua, au nilidhani hukulijua. Baada ya ziara ile ofisi ilitoa nafasi moja kwa shule yetu, kozi ya mwezi mzima Nairobi kwa walimu wa Kiingereza wa madarasa ya chini. Ustaz Lado aliniita. Alisema, "Ustaza Nekesa, wewe ndiye unajua Kiingereza chao. Mimi nafikiria Kiden. Unasemaje?" Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, ndiyo. Badala yake nilisema maneno mengi. Nilisema huna cheti. Nilisema unawachanganyia watoto Kiarabu ndani ya kipindi cha Kiingereza. Nilisema wakuu wa kozi wataiona shule yetu haina walimu. Akasema kalas, basi, nenda wewe.

Siku ya kuondoka ulinisindikiza mpaka kwenye mabasi ya soko la Custom na siagi ya karanga uliyoisaga mwenyewe, kwenye chupa ya jemu. "Madam, ukirudi utanifundisha yote. Mimi nitaandika." Nilikula ile siagi Nairobi mpaka ikaisha, na ilikuwa tamu.

Kule Nairobi, wiki ya kwanza, mkufunzi wetu alituambia kwamba mtoto mdogo haingii katika lugha ngeni kupitia mlango wa mwalimu, anaingia na lugha yake mkononi. Alisema msiogope lugha ya nyumbani. Alisema mtoto alete kitu chake. Nilikuwa nimesafiri mbali hivyo kuja kuambiwa niliyokuwa nikiyasikia bure kupitia turubai. Kisha akauliza: nani ana mfano kutoka darasani kwake?

Nikainua mkono.

Kiden, nilikueleza vizuri sana. Nilieleza mstari wa asubuhi, kuchuchumaa, swali, neno, kubadilishana. Nilieleza hata mbuzi juu ya kaburi. Kila mahali uliposimama wewe, katika maelezo yangu nilisimama mimi. Walimu wakapiga makofi, mkufunzi akaniomba niandike ukurasa kwa ajili ya kijitabu chao. Niliandika. Juu nikaweka "Neno la Mlangoni", na chini yake nikaweka jina langu, Nekesa.

Niliporudi ulikuwa umekaa na daftari jipya. Tulikaa mchana mzima nikikusomea niliyofundishwa. Nilipofika penye lugha ya nyumbani ulishangaa, ukasema, "Kumbe ni sawa? Mimi nilikuwa naogopa utanigombeza." Nikageuza ukurasa.

Vijitabu vilifika baada ya miezi kadhaa, vimefungwa kwa kamba. Wewe ndiye uliyefungua, kwa sababu mimi nilikuwa darasani. Nilipotoka nilikukuta umeketi kwenye kizingiti, kidole chako kwenye ukurasa, unasoma polepole kama unavyosoma. Ulifika mwisho ukarudi juu, penye jina. Nilisimama pale nikisubiri. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno, kwamba ilikuwa haraka, kwamba wao ndio walioweka jina. Wewe ulifunga kijitabu ukasema, "Umeandika vizuri, Madam. Mimi singeweza kuandika hivi." Ukainuka ukaenda kuwaita watoto.

Nimelitafuna jambo lile nikalitema nikalitafuna tena. Ulikuwa unanisamehe? Ulikuwa unanikejeli? Au kweli uliona kuandika ndiyo kazi na kufundisha si kitu? Jioni ile niligundua kitu kibaya kunihusu. Sikuona aibu. Niliona wivu. Nilikuonea wivu kwa sababu ungeweza kunyamaza, na mimi nisingeweza.

Zikapita wiki mbili tu. Alhamisi nilikuona umeketi kwenye jiwe nyuma ya darasa wakati wa kipindi, umejifunika kitenge na jua linawaka, nikasema moyoni, sasa ameanza kujidekeza. Nilikupita. Ijumaa hukuja. Jumatatu Ustaz Lado alisimama mbele ya shule akasema kwa Kiarabu jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipoona watoto wako wamekaa chini mmoja baada ya mwingine, pale pale walipokuwa wamesimama. Malaria, siku nne. Ulikuwa na miaka ishirini na sita.

Samahani kwa lile jiwe. Ningekugusa tu paji la uso ningejua.

Kwenye matanga Lemon Gaba watu walijaa mpaka barabarani. Wamama wa Kibari, Waganda wa Custom uliokuwa ukinunua kwao chaki za rangi, na yule Msomali mwenye duka la jumla pale njia panda, aliyesimama mbali kwa heshima kwa sababu bintiye mdogo alikuwa darasani kwako. Nilijikuta nikijiuliza, nikifa mimi hapa Juba, nani atakuja? Hayo ndiyo niliyoyawaza mbele ya jeneza lako.

Mama yako aliniita ndani. Anajua Kiswahili cha kambini, kama chako. Alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, ili wanawake wengine wasisikie, "Madam, hii mtoto yangu, alikuwa mwalimu kabisa? Ama alikuwa nasaidia tu? Watu hapa nasema alikuwa nasaidia."

Swali lile lilikuwa na jibu la neno moja. Mimi nikasema, "Alikuwa anatusaidia sana, mama."

Aliachia mkono wangu. Hakuukataa, aliuachia tu, kama mtu aliyeona kwamba mzigo si wake. Nilitoka nje nikajiambia nimesema ukweli, maana kwenye karatasi za Ustaz Lado ndivyo ilivyoandikwa.

Wiki iliyofuata Ustaz Lado akaniomba nichukue darasa lako. Nilifika asubuhi nikawakuta wamepanga mstari mlangoni, kimya. Walikuwa wananingoja nichuchumae. Niliona wazi kwamba Jokudu ana neno, midomo yake ilikuwa imelibana kama peremende. Nilisema kwa Kiingereza, "Ingieni, mkae." Hawakusogea. Nikarudia. Wakaingia, na nilipokuwa nikiandika tarehe ubaoni nikasikia mtoto mmoja anavuta makamasi.

Ningewauliza tu. Lakini nilijua kwamba nikichuchumaa pale nitakuwa wewe wa bandia, nao ni watoto, watajua papo hapo. Ndani ya kijitabu ule mchezo ulikuwa wangu, na mlangoni sikuweza hata kuugusa. Kwa hiyo nilifundisha kalamu, na kitabu, na dirisha. Walijibu kwa pamoja. Walijibu kwa sauti yako, Kiden, wakivuta mwisho wa neno kama ulivyokuwa ukivuta wewe, na kila siku nikawasahihisha, na kila siku wakalirudisha vilevile. Jokudu alinyamaza tena. Mjomba wake alikuja kuuliza kama mtoto anaumwa.

Siku moja wakati wa mapumziko nilikuwa nyuma ya ukuta wa mabati kule vyooni nikasikia sauti yake. Nilichungulia. Alikuwa amechuchumaa, kitambaa amekifunga kichwani kama kilemba chako, na mbele yake mstari wa watoto wapya, wale walioandikishwa baada ya kifo chako. "Ita ainu sunu fi sika?" Mmoja akasema ameona lori la tangi la maji. Jokudu akafikiri, akampa "water" na "car" akaviunganisha yeye mwenyewe. Yule mdogo akauliza mbona hawafanyi hivi darasani na ustaza. Jokudu akajibu bila hasira yoyote, kama mtu anayeeleza njia, "Huyo hajui. Mchezo ni wa Ustaza Kiden."

Nilibaki pale nyuma ya mabati mpaka kengele ikapigwa.

Sitakudanganya kwamba nilibadilika moyo saa ile. Nilichokiona ni kwamba nimeshindwa, na kwamba nimeshindwa siku nyingi, na watu wote wadogo wa shule hii wanajua. Nilienda kwa Ustaz Lado nikamwambia yote mawili, ya nafasi ya kozi na ya kijitabu. Alikuwa anakunywa chai. Aliweka gilasi chini, akasema, "Kwa hiyo nilimpeleka mtu ambaye siye." Nikasema ndiyo. Akasukuma karatasi mbele yangu. "Andika. Kwa Kiingereza, ofisini wasome. Kiingereza changu hakitoshi, na safari hii sitaki mtu anitafsirie."

Niliandika, nikatia sahihi. Nakala nyingine nikampelekea mkufunzi Nairobi. Alijibu kwa ufupi: kijitabu kimeshasambazwa, kikichapwa tena watarekebisha, hajui lini. Ofisi ya elimu hapa ilikuwa imeniteua niwafundishe walimu wa shule nyingine za mjini, na waliposoma ile karatasi wakampa kazi hiyo mtu mwingine. Nilisikia uchungu. Siwezi kusema nilisikia nafuu.

Sikutaka kungoja kichapwe tena. Niliomba orodha ya shule zilizopata vijitabu, nikaanza kuzizungukia kwa bodaboda baada ya vipindi, kalamu mfukoni. Kila mahali ni vilevile. Ninajitambulisha, ninaomba kijitabu, ninafungua ukurasa ule, ninapiga mstari juu ya jina langu na kuandika lako juu yake. Wengine hawakuuliza. Shule moja mwalimu kijana aliniuliza, "Huyu Kiden ni nani?" Nikamwambia alikuwa mwalimu wa Darasa la Kwanza. Akaniuliza na mimi ni nani. Nikamwambia mimi nilikuwa ng'ambo ya turubai. Hakuelewa, nami sikuendelea.

Wiki iliyopita nilienda kwa mama yako.

Mvua ilikuwa imenyesha na boda akaniacha mbali, kwa hiyo nilitembea ile njia yako mpaka kwenu, na nilipofika nilikuwa na tope hadi magotini. Mama yako aliniletea maji ya kuosha miguu kabla hajaniuliza kilichonileta. Nilikaa kwenye mkeka. Nilimwambia, "Mama, uliniuliza swali siku ya matanga na nilikujibu vibaya. Kiden alikuwa mwalimu. Alikuwa mwalimu kunishinda mimi. Nilijua nilipokuwa nakujibu."

Nikatoa kijitabu nikamsomea ule ukurasa, nikiutia katika Kiswahili polepole, mstari kwa mstari. Penye mbuzi juu ya kaburi alitikisa kichwa kidogo. Nilipomaliza akasema, "Jina yake iko wapi?" Nikamwonyesha. Akaweka kidole. Hasomi, lakini alikaa na kidole pale muda mrefu. Kisha akasogeza kidole chini kidogo.

"Na hii imechorwa mstari ni nini?"

"Ni jina langu, mama. Niliandika kwamba kazi ni yangu."

Akakileta kijitabu karibu na macho. "Mbona hukufuta yote? Inaonekana bado."

"Ndiyo, mama. Inaonekana."

Nilidhani atanirudishia kijitabu, au ataniambia niondoke. Alikifunga, akakiweka juu ya sanduku lake la nguo, akasema, "Wacha ionekane."

Kisha akaenda kunipakulia chakula, na tukala.

Hayo ndiyo yaliyotokea, Kiden. Jokudu bado hajanisemesha, ila Jumatano alikaa dawati la mbele. Mstari wa mlangoni umerudi. Sichuchumai mimi, wanachuchumaa wao kwa zamu, na mimi nasimama pembeni kuwapa maneno wasiyoyajua. Ni mengi. Yamenizidi hata mimi, jana nilipeleka neno moja nyumbani nikalitafute.

Wivu bado ninao. Nilitaka kumaliza barua hii kwa kukuambia umekwisha, lakini nimeshakwambia uongo wa kutosha. Juzi mtoto mmoja alilitamka neno kwa sauti yako na nikamgeukia kama zamani. Tofauti ni kwamba sikumsahihisha.

Nakuahidi mambo mawili. Zimebaki shule nne ng'ambo ya daraja, na nitazimaliza kabla muhula haujafungwa. Na Ustaz Lado akiniuliza tena juu ya mwalimu yeyote, awe na cheti au asiwe nacho, nitamjibu kwa neno moja, la kweli.

Pumzika, mwalimu mwenzangu.

Nekesa